Kairo Tatu za Karani Ndululu

Evanson Ndululu alikuwa mtu wa dharau. Wengine hudharau wenzao wakiwa na hasira, wengine wakishalewa. Yeye alidharau akiwa ametulia, asubuhi na mapema, kabla hata ya chai. Alimdharau Mbinya, mfagiaji wa ofisi, kwa kuwa alifagia huku akiimba nyimbo za kanisa. Alimdharau Musyoka, dereva, kwa kula viazi vitamu akiwa ameshika usukani. Wakubwa wake aliwadharau moyoni, wadogo zake kwa sauti. Lakini dharau yake iliyokolea aliwawekea watu waliotoka mashambani, wale walioingia na vumbi jekundu kwenye viatu vyao vya akala, barua zao zimekunjwa mara nne ndani ya leso.

Alikuwa karani katika ofisi ya maji ya wilaya, na mwaka ule wa sabini na sita barua hazikuisha. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu mfululizo. Kila kijiji kuanzia vilimani hadi barabara kuu ya Mombasa kiliomba kisima. Kazi ya Evanson ilikuwa kuzisoma barua hizo, kuzinakili katika orodha moja, na kuipeleka orodha Nairobi, ambako wafadhili wangechagua.

Siku moja akafungua barua iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari. Alisoma mstari wa kwanza kimya, akatabasamu, kisha akawasomea wenzake.

"Sisi akina mama wa kikundi cha mwethya cha Kairo tunaomba serikali yetu itupatie kizima. Kizima hiki kitatusaidia sana kwa sababu tunaenda mbali na ng'ombe wamekufa."

Akaishusha karatasi. "Wanaomba kizima," alisema. "Kwani walicho nacho ni nusu?"

Ofisi nzima ikacheka. Mbinya peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama na fagio lake karibu na kabati, na Evanson akaona ni kwa sababu Kiswahili hakimwingii. Akaikunja barua ikawa mpira, akaitupa kwenye kapu. Katika orodha akaandika: namba kumi na saba, Kairo. Safu ya tarafa na ya lokesheni akaziacha tupu. Jina lenyewe lilikuwa limemkera. Yeye alikuwa na atlasi, zawadi aliyopata shuleni kwa kuwa wa kwanza katika jiografia, na Kairo aliijua: mto Naili, ngome juu ya kilima, misikiti, chuo cha miaka elfu. Leo mtu aliyevaa akala, asiyeweza kuandika kisima, naye yuko Kairo. Nani angekuja kuuliza ni Kairo ya wapi?

Baada ya miezi minne akaja mtu kuuliza. Ni Injinia Nzuki, mkuu wake.

"Wafadhili wamechagua namba kumi na saba," Injinia alisema. "Mtambo wa kuchimba utakuwa kwetu mwezi ujao, kwa siku kumi tu, kisha uende wilaya nyingine. Kairo iko wapi?"

"Ni hiyo Kairo, bwana."

"Musyoka ananiambia anazijua Kairo tatu. Moja Mbooni, moja upande wa Kathonzweni, na nyingine kwenye lami, ukishapita Kibwezi. Leta barua yao tuone."

Evanson akasema ataitafuta. Alijua pa kuitafuta hapapo tena. Kapu lile lilimwagwa kila Ijumaa kwenye shimo nyuma ya ofisi, na Mbinya alilitia kiberiti. Baada ya siku mbili za kufungua na kufunga kabati, alikiri kuwa haionekani. Hakusema kwa nini. Injinia akamwambia achukue gari na Musyoka, azunguke Kairo zote, arudi na jibu.

Walianza Mbooni. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza, upande mmoja migomba, upande mwingine bonde, na kwenye kila kona maji yalikuwa yakivuja kutoka mwambani na kuvuka barabara. Kairo ya Mbooni ilikuwa maduka manne na kanisa, na mzee mmoja alikuwa akiwangoja akiwa amevaa koti zito la jeshi lililopauka mabegani. Aliitwa Kilonzo.

"Karibuni Kairo," alisema. "Mimi ndiye niliyeileta hapa."

Aliileta mwaka wa arobaini na sita, kutoka vitani. Alikuwa dereva wa lori la jeshi huko Misri kwa miaka miwili. Aliporudi alijenga nyumba ya udongo yenye paa tambarare kama zile alizoziona huko, ngazi ya mawe ikipanda mpaka juu ili mtu akae jioni apigwe na upepo. Watu walitoka hadi Kikima kuja kuitazama. Mvua ya Novemba ilipoanza, paa likanywa maji wiki moja, wiki ya pili nyumba nzima ikateremka mlimani na kuingia kwenye kahawa ya jirani. Jina likabaki. Ngazi nayo ilibaki. Ilisimama peke yake kwenye nyasi, mawe saba yasiyokwenda popote, na Kilonzo akawakaribisha waketi hapo.

"Uliziona piramidi?" Evanson aliuliza.

"Nilikuwa naendesha lori," Kilonzo alijibu. "Lori haliendi makaburini."

"Sasa uliona nini?"

"Mikate. Mtu anaendesha baisikeli, na juu ya kichwa amebeba ubao wenye mikate mia, na hauanguki hata mmoja. Hiyo sijaiona tena."

Evanson aliandika kitu kwenye daftari lake ili asimtazame usoni. Mtu huyu alipelekwa mpaka Kairo kwa gharama ya Mfalme wa Uingereza, akarudi na habari za mikate. Yeye angepelekwa, angerudi na elimu. Lakini ni huyu aliyepelekwa.

"Mliandika barua ya kuomba kisima?"

"Tuliandika."

"Ni mama gani aliyeiandika?"

Kilonzo akafikiri. "Mama? Hapa barua naandika mimi."

"Na maji si mnayo, mzee? Nayasikia yakipita hapo nyuma ya kanisa."

"Maji tunayo," Kilonzo alisema. "Kisima ndicho hatuna."

Wakateremka. Musyoka alicheka peke yake njia yote mpaka kwenye lami, na Evanson akamdharau kwa kucheka.

Kairo ya pili ilikuwa kibandani, ndivyo Evanson alivyoiita katika daftari lake: mstari wa vibanda kandokando ya barabara ya Mombasa, malori yameegeshwa kwenye kokoto, harufu ya nyama na dizeli. Katikati palikuwa na nyumba ya mawe yenye ubao mrefu wa kijani, na juu yake, kwa herufi za rangi ya dhahabu, jina la mji wa Kairo kwa Kiingereza, likianza na C. Mwenye nyumba aliitwa Muturi. Alitoka Murang'a mwaka wa sitini na nane pamoja na mkewe Kagure, wakanunua ploti wakati hapo hapakuwa na kitu ila miiba na tumbili.

Muturi alimwita Evanson "bwana mkubwa". Akamfutia kiti. Mbuzi alikuwa tayari juu ya makaa kana kwamba ameambiwa saa. Evanson aliona wazi kuwa mtu huyu ni mjanja wa sokoni, tumbo mbele na maneno nyuma, akamdharau. Lakini nyama aliila, na kiti alikikalia, na yale maneno ya bwana mkubwa yakamteremka vizuri kuliko supu.

"Jina hili mlilitoa wapi?" aliuliza.

"Ni jina la maendeleo," Muturi alisema.

Kagure alikuwa akipita na sufuria. Alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo, na mtu aliyezoea kusema akipita. "Ni la ubao," alisema. "Kulikuwa na Mhindi Nairobi anafunga duka lake la vitambaa anaenda Uingereza. Tulitaka mbao za kujengea kaunta. Alituuzia na ubao wa jina humohumo. Muturi akaona ni haramu kuutumia kichwa chini."

"Mwanamke huyu hupenda mchezo," Muturi alisema.

"Madereva wakaanza kusema wanalala Kairo. Ndiyo hiyo Kairo yetu."

Evanson akauliza juu ya barua. Muturi alisema barua ameandika nyingi, hata hakumbuki idadi. Kagure akasimama na sufuria yake. "Barua gani, na bomba si linatoka kule kwenye chemchemi mpaka jikoni kwangu?" Mumewe akamtazama. Kagure akaingia ndani.

"Bomba si kisima," Muturi alisema, akimwongezea Evanson mbavu. "Hapa wanapita watu wa kila kabila, bwana mkubwa, mpaka Wazungu wanaokwenda baharini. Wataona serikali inafanya kazi. Huko porini nani ataona?"

Jambo hilo Evanson hakulipinga. Hata alilifikiria asubuhi iliyofuata, walipoiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda upande wa Kathonzweni. Hapo nchi ilikuwa imekauka mpaka miti ikaonekana kama imekasirika. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kandokando ya njia, ngozi tupu juu ya mifupa, na fisi hawakujishughulisha nayo tena.

Kairo ya tatu haikuwa na duka hata moja lililofunguliwa. Palikuwa na kanisa la mabati, na ghala kuukuu lenye mlango wa chuma, na kwenye mteremko, wanawake kama thelathini wakichimba matuta kwa majembe na kuimba. Ulikuwa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Gari liliposimama waliacha kuimba. Mmoja akaja, akijipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa wa makamo, mwembamba, jino moja la mbele limevunjika, na alitembea kama mtu anayejua kazi inamngoja.

"Mimi ni Kalunde," alisema. "Kama ni habari ya maji, ni mimi."

Evanson alisema ni utaratibu tu; kwanza aeleze jina la mahali hapo limetoka wapi. Alijua halikutakikana katika ripoti. Alitaka kusikia upumbavu wa tatu.

"Njaa ya sitini na moja," Kalunde alisema. "Serikali ilileta mahindi ya manjano, yakawekwa kwenye ghala lile. Watu walitoka mbali, wengine walitembea siku mbili. Mhubiri wetu akatukumbusha Yakobo alivyowatuma wanawe Misri kutafuta nafaka. Basi watu wakawa wanasema, twende Misri. Lakini ng'ambo ya mto kuna Misri nyingine, hao walianza zamani, wakanung'unika. Mwalimu akatuambia mji mkubwa wa Misri ni Kairo. Tukachukua Kairo, tukawaachia wao ile nchi."

"Kwa hiyo jina lenu mlipewa na njaa."

"Tulipewa na chakula," Kalunde alisema. "Njaa ilikuwa kila mahali. Chakula ndicho kilikuwa hapa."

Wanawake wengine walikuwa wamesogea na majembe yao. Evanson akatoa daftari na kalamu. Tayari alikuwa na hakika, lakini alitaka raha kidogo baada ya vumbi lote lile.

"Andika hapa neno moja," alimwambia. "Andika kisima."

"Kwa nini hilo?"

"Utaratibu."

Kalunde aliipokea kalamu kwa namna mtu anavyopokea mtoto mchanga wa mwingine. Aliandika polepole, ulimi umetokeza kidogo pale penye pengo. Kizima. Evanson akatabasamu. Hakuweza kujizuia, na Kalunde aliliona tabasamu lile kabla halijazimika.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nani?"

"Karani aliyesoma barua yangu kwa sauti. Mbinya ni mtoto wa dada yangu. Alitueleza. Alitueleza hata ulivyouliza kama tulicho nacho ni nusu."

Hakuna mwanamke aliyecheka wala kuguna. Musyoka, aliyekuwa ameegemea gari, akaanza kukagua tairi.

"Kwetu tunasema kithima," Kalunde aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nilijua Kiswahili ni tofauti. Sikujua ni tofauti kiasi gani. Nikabahatisha."

"Ulibahatisha vibaya, mama."

"Sawa. Lakini ulipoisoma, ulielewa tunaomba nini?"

Evanson akapangusa vumbi kwenye mkono wa shati lake.

"Nakuuliza, karani. Ulielewa?"

"Nilielewa."

"Basi niliandika vizuri." Akamrudishia kalamu. "Niliingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na miwili, nakaa kwenye benchi la watoto, magoti yananifika kidevuni. Nilitaka siku nikiwa na shida niiseme mwenyewe, nisimpitie mtu. Wewe walikupeleka shule ukiwa mdogo. Mama yako aliuza mbuzi, au kuku, sijui aliuza nini. Nahuzunika kwa ajili yake."

Kisha akageuka, akarudi kwenye tuta. Wengine wakamfuata. Mmoja alitema mate pembeni, pengine ni vumbi tu. Wimbo ukaanza tena, na majembe yakapanda na kushuka kana kwamba hakuna gari lililokuja.

Njiani Evanson alitazama nje dirishani. Katika maisha yake alikuwa amechukiwa mara nyingi, na hakujali. Chuki ya wadogo aliihesabu kama heshima iliyokosa adabu. Lakini hakuwahi kuhuzunikiwa. Na mama yake, ambaye hakika aliuza mbuzi, mbuzi watano mmoja baada ya mwingine, alikuwa kama ameguswa na mikono yenye udongo. Kila alipojaribu kumdharau yule mwanamke, jino lake, leso yake, akala zake, dharau ilitoka nusu na kurudi.

Kesho yake akapiga ripoti kwa taipureta, kurasa mbili bila kosa hata moja. Baada ya uchunguzi wa kina, aliandika, imethibitika kuwa ombi namba kumi na saba lilitoka Kairo ya barabara kuu, yenye wasafiri wengi na mwelekeo mzuri wa maendeleo, ambayo pia ndiyo pekee inayoandika jina lake sawasawa. Injinia Nzuki alisoma, akatia sahihi, akaita dereva wa mtambo.

Mbinya alikuwa akifuta dirisha. Jumamosi hiyo hakwenda kwaya; alipanda basi la kwenda Kathonzweni.

Mtambo ulifika kwa Muturi Jumanne, lori refu lenye mnara uliolazwa mgongoni, na lori la pili la mabomba. Muturi alikuwa amevaa tai. Mahali pa kuchimba palikuwa pamewekwa kigingi nyuma ya baa, karibu na pale alipokusudia kuongeza vyumba vya kulala. Evanson alikuja na Injinia kukabidhi karatasi. Walipozunguka nyumba, walikuta wanawake kumi na mmoja wameketi chini kukizunguka kigingi, miguu wameinyoosha mbele. Walikuwa wamedandia lori la mbaazi usiku kucha. Kalunde alikuwa katikati, kigingi kati ya visigino vyake.

"Hawa ni akina nani?" Injinia aliuliza.

"Sisi ni Kairo," Kalunde alisema. "Hatukuja kugombana na mtu, Injinia. Tumekuja kuona kisima chetu kikichimbwa."

Muturi alicheka kwa nguvu, akaita soda ziletwe kwa wageni. Soda zililetwa na Kagure mwenyewe. Aliziweka chini, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja: midomo iliyopasuka, visigino vyenye nyufa za kuingia sarafu. Akachuchumaa mbele ya Kalunde.

"Mnateka maji wapi?" aliuliza.

"Tunachimba mchanga mtoni. Ukiondoka alfajiri, unarudi adhuhuri."

"Na nyumbani mko wangapi?"

"Nyumba mia moja na kitu. Zilikuwa nyingi zaidi."

Kagure akasimama. "Muturi," alisema, "waambie watu hawa uliituma lini ile barua."

"Nilituma."

"Kutoka posta gani?"

"Kagure, hebu ingia ndani."

"Uliandika kwa kalamu gani? Mimi ndiye ninayekuandikia hata orodha ya bia. Barua ya kisima sikuandika." Akamgeukia Injinia. "Maji tunayo, mzee. Njoo jikoni nikufungulie uone. Hapa tunaitwa Kairo kwa sababu ya ubao wa Mhindi. Hawa wanaitwa Kairo na wanakufa. Kama jina ni moja, kiu si moja."

Injinia Nzuki hakwenda jikoni. Alimgeukia karani wake, na wote wakageuka pamoja naye: Muturi na tai yake, Musyoka, wachimbaji juu ya lori, wanawake walioketi, na madereva waliokuwa wametoka baa na glasi mkononi.

"Evanson. Ile barua iko wapi?"

Angeweza kusema imepotea. Alishasema hivyo mara moja. Aliitafuta dharau yake, ile ya kila asubuhi, ili asimame juu yake awatazame kutoka huko. Akamtazama Kalunde. Kalunde hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama Injinia, kwa kuwa Injinia ndiye mwenye mtambo.

"Niliitupa, bwana."

"Uliitupa kwa nini?"

"Ilikuwa na kosa la tahajia."

Maneno yenyewe yalipomtoka ndipo alipoyasikia. Alitarajia watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja wa lori akatikisa kichwa polepole, akaenda kumaliza bia yake.

"Geuza magari," Injinia aliwaambia wachimbaji. "Nyinyi akina mama, pandeni kwenye lile la mabomba. Shikilieni vizuri."

Muturi alianza kusema juu ya nyama aliyowapikia, juu ya maendeleo, juu ya mkewe atakayemtambua leo. Kagure alikuwa ameshaanza kukusanya chupa. Nne hazikufunguliwa, akazipandisha kwenye lori pamoja na wenyewe.

Kule Kathonzweni walichimba siku saba. Walipita udongo mwekundu, wakapita mwamba mweusi uliovunja meno mawili ya mtambo, na siku ya nane, futi mia tatu na themanini chini, maji yakatoka. Yalikuwa na chumvi. Mhubiri aliomba juu yake hata hivyo, na ng'ombe waliosalia hawakusubiri aseme amina.

Evanson hakufukuzwa. Injinia alimhamishia Kitui, kwenye ghala la serikali la mabomba na vifaa, kwa barua ya mistari mitatu ambayo aliisoma mara nyingi akitafuta kosa. Ghalani alikuwa peke yake na mlinzi kiziwi. Alijaribu kumdharau mlinzi, lakini dharau inataka mtu wa kuiona, na mlinzi alikuwa akishona viatu. Miaka ikapita hivyo. Kichwani mwake aliendelea kujibizana na Kalunde. Kulikuwa na siku alizoshinda: alimweleza kuwa lugha ina kanuni, kwamba leo ni kizima, kesho itakuwa nini. Kulikuwa na siku nyingine, hasa mwezi wa Oktoba joto linapozidi na mabati yanalia, alipojikuta akimwambia maneno mengine, ya polepole, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Pande zote mbili aliziweka tayari.

Mwaka wa themanini na nne njaa ikarudi. Serikali ilichukua kila mfanyakazi aliyeweza kushika kalamu, ikawapakia kwenye malori ya mahindi. Evanson aliandikwa kwenye lori lililokwenda Makueni na Kathonzweni, na jina la mwisho kwenye karatasi ya dereva lilikuwa Kairo.

Waliingia saa nne asubuhi. Palikuwa na maduka sita sasa, na posho mill ya kusagia mahindi, na kwenye kisima kibanda cha matofali chenye mifereji miwili. Foleni ya mitungi ilizunguka kibanda. Aliyekaa kwenye kigoda kando ya mfereji, akifungua na kufunga, alikuwa Kalunde. Alikuwa amezeeka ghafla kama watu wa nchi kavu wanavyozeeka, nywele zote nyeupe, lakini jino lilikuwa palepale lilipovunjikia.

Evanson aliwaacha wapakuzi, akaenda. Akasimama mbele yake, na maneno ya miaka minane, ya pande zote mbili, yakasimama naye.

"Habari ya siku nyingi, mama."

"Nzuri," Kalunde alisema. "Wewe ni wa mahindi?"

"Ndiyo, ni wa mahindi."

"Tunashukuru. Mmefika kwa wakati."

"Mama, mimi ni Ndululu."

Akamtazama vizuri, kwa adabu, akikinga jua kwa kiganja. Alitafuta usoni mwake, Evanson aliona akitafuta, na hakupata kitu. "Ndululu wa wapi?"

Angeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha, na wanawake wote wa foleni ile, wenye umri wa kukumbuka, wangelikumbuka. Alifungua mdomo. Kalunde alikuwa akingoja jibu huku mkono wake ukifunga mfereji wa kwanza na kufungua wa pili, bila kuutazama.

"Wa Kitui," alisema.

"Kitui ni mbali. Poleni na safari." Akasukuma mtungi uliojaa kwa mguu, akauvuta ulio mtupu. "Kama una kiu, kopo liko hapo. Yana chumvi kidogo, sisi tumeyazoea."

Alikunywa. Yalikuwa ya uvuguvugu na yenye chumvi kweli, na alipomaliza alibaki amesimama pale, kopo mkononi, akijaribu kufikiria jambo moja baya juu ya maji yale, au juu ya kigoda, au juu ya mwanamke mwenyewe aliyeweza kumsahau mtu namna hii. Nyuma yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgusa kiwiko kwa ukingo wa mtungi.

"Mzee," alisema, "songa kidogo. Umeziba foleni."

Akasonga.